Kijembe cha mdahalo hakizaliwi jukwaani

Wengi huamini kwamba jibu kali la mdahalo humjia mwanasiasa papo hapo, na kwamba likishamziba mpinzani mdomo, uchaguzi umekwisha. Yote mawili si kweli.

Chukua mdahalo wa wagombea umakamu wa rais wa Marekani, mjini Omaha, Oktoba 5, 1988. Dan Quayle, mgombea mwenza wa George Bush aliyeandamwa kwa ujana wake, alisema uzoefu wake bungeni unalingana na wa Jack Kennedy, yaani Rais John F. Kennedy, alipowania urais. Mpinzani wake, Lloyd Bentsen, akajibu taratibu: nilitumikia pamoja na Jack Kennedy; nilimjua Jack Kennedy; Jack Kennedy alikuwa rafiki yangu; Seneta, wewe si Jack Kennedy. Ufundi uko hapo: jina moja mara nne, sentensi tatu fupi za kuweka msingi, pigo mwishoni kabisa. Ukitanguliza pigo, au ukilifuatisha maelezo, makali yanapotea. Tena Quayle alikwisha kujilinganisha na Kennedy kwenye kampeni, kwa hiyo kambi ya Bentsen ililizungumzia suala hilo mazoezini.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hata hivyo, Novemba, Bush na Quayle walishinda uchaguzi kwa majimbo 40.