Filla Ikiziba Mshipa wa Damu Usoni: Maswali na Majibu

Filla inazibaje mshipa?

Filla ni ute mzito unaodungwa chini ya ngozi ili kujaza midomo, mashavu au mikunjo. Sindano ikitua ndani ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ute huo husafiri na damu hadi kukwama kwenye vijishipa vyembamba, na ngozi iliyokuwa ikilishwa na vijishipa hivyo hukosa oksijeni. Maeneo ya kuogopwa zaidi ni pua, katikati ya nyusi na mikunjo inayoshuka kutoka puani, kwa sababu mishipa yake imeungana na inayolisha jicho.

Nitatofautishaje mshipa ulioziba na uvimbe wa kawaida?

Tazama rangi. Uvimbe na kuvilia damu kidogo ni kawaida. Mshipa ukiziba, ngozi hupauka ghafla, kisha hutokea mabaka ya zambarau yaliyosukana kama wavu. Kwenye ngozi nyeusi mpauko huo huweza kuonekana kijivu tu, ukapita bila kugunduliwa. Bonyeza kwa kidole, uachie: rangi ikikawia zaidi ya sekunde 3 kurudi, na upande wa pili haukawii hivyo, damu haifiki vizuri. Maumivu yanayozidi ni dalili kubwa, ila kutokuwepo kwake kusikutulize, maana filla nyingi huchanganywa na lidokeini, ambayo ni dawa ya ganzi. Vipele vya usaha vinavyotokea siku chache baadaye si chunusi. Ngozi imeanza kufa.

Mhudumu ameniambia nisubiri hadi kesho. Nifanyeje?

Usisubiri. Mtake akuone sasa hivi, na akikataa nenda hospitali ukawatajie jina la filla uliyodungwa.

Matibabu yenyewe ni yapi?

Kama filla ni ya asidi ya hayaluroniki, dutu ambayo hata mwili huitengeneza, dawa ni hayaluronidesi, kimeng'enya kinachoiyeyusha. Hudungwa eneo zima lililopauka, si pale sindano ilipoingia tu, tena kwa dozi kubwa: mamia ya yuniti, na hurudiwa karibu kila saa mpaka rangi irudi. Eneo husuguliwa na kukandwa kwa kitambaa cha uvuguvugu. Barafu hapana, kwani hubana mishipa zaidi. Daktari huweza kuongeza aspirini. Aliyewahi kupata mzio mkali wa kuumwa na nyuki aseme mapema, kwa kuwa sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha aina hiyo.

Silikoni, mafuta ya mwili na filla za kalisiamu haziyeyushwi na dawa hii. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuziepuka puani na kati ya nyusi.

Na macho yakiguswa?

Kuona giza ghafla, jicho kuuma au kope kulegea ni dharura ya dakika. Retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, huweza kuharibika kabisa ndani ya dakika 60 hadi 90, na mara nyingi uoni haurudi hata kwa matibabu. Nenda hospitali yenye daktari wa macho. Mdomo ukipinda, au mkono ukikosa nguvu, huenda ni kiharusi, watajie pia.

Niulize nini kabla ya kudungwa?

Uliza kama hayaluronidesi ipo chumbani humo, ya kutosha na haijaisha muda, na nani atapokea simu yako usiku. Akibabaika, ahirisha.