Ugonjwa Ukiwa na Wagonjwa Wachache, Dawa Mpya Hupimwaje?

Kwa nini dawa ya ugonjwa adimu ni ngumu kuijaribu?
Kwa kawaida wagonjwa wengi hugawanywa kwa kura: kundi moja hupewa dawa mpya, jingine dawa iliyopo. Ugonjwa ukiwa adimu, wagonjwa hao hawapatikani. Malale ya aina ya gambiense, yanayoenezwa na mbung'o, wagonjwa wake wengi wako Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tangu 2018 wanaogunduliwa duniani kote hawafiki 1,000 kwa mwaka.

Kundi la kulinganisha lina faida gani hasa?
Kubwa mno. Feksinidazoli, vidonge vya malale vya siku 10, ilijaribiwa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa wagonjwa 394 ambao ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ubongo. Baada ya miezi 18, tiba ilifaulu kwa asilimia 91 ya waliopewa vidonge hivyo. Waliopewa tiba ya zamani, dripu pamoja na vidonge, ilikuwa asilimia 98. Bila kundi hilo la pili, ile 91 ingeshangiliwa tu. Kumbe waliozidiwa sana bado walihitaji dripu, na mwongozo wa WHO wa 2019 ukawabakizia.

Mbona akoziboroli, dawa nyingine mpya ya malale, ilijaribiwa bila kundi hilo?
Wagonjwa walikuwa wamepungua. Walipatikana 208, Kongo na Guinea, na wote wakapewa dawa hiyo: vidonge vitatu, unameza mara moja basi. Kati yao 167 walikuwa hatua ya mwisho, yaani ugonjwa umeshafika kwenye ubongo, na kwa hao tiba ilifaulu kwa asilimia 95.

Huo si ulegevu?
Hapana, ingawa ushahidi wa namna hiyo una nguvu pungufu, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo. Ndiyo maana mambo mengine hukazwa. Vimelea huweza kujificha na kurudi, kwa hiyo wagonjwa walifuatiliwa miezi 18, wakichomwa sindano kiunoni katikati ya mifupa ili maji ya uti wa mgongo yaangaliwe kwa hadubini. Inauma, lakini bila hiyo huwezi kusema mtu amepona. Kisha usalama wa dawa ukapimwa kwa watu zaidi ya 1,000 ambao damu yao ilionyesha dalili bila vimelea kuonekana. Hapo baadhi walipewa vidonge visivyo na dawa.

Nikiombwa kushiriki jaribio, niulize nini?
Nikikataa, nitatibiwa vilevile? Madhara gani yameshaonekana? Nikiugua tena, nani atanitibu, na nauli ni ya nani? Dawa ikifaulu, itafika zahanati ya kwetu?