Sahani ngapi, saa ngapi?

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi ya kulisha walioathirika na maafa, hunifikiria nimesimama kando ya sufuria kubwa na upawa mkononi. Tangu nianze kazi hii sijapakua hata sahani moja. Mimi nakaa kwenye chumba cha operesheni za dharura: meza, simu mbili, redio, ubao mweupe, na kiti ambacho mwenzangu wa zamu ya usiku hukishusha kila siku nami nikakipandisha kila asubuhi. Dawati letu ni la malazi na chakula. Kulia kwangu yupo mtu wa afya, kushoto ugavi, ng'ambo ya meza usafiri na polisi. Kambi ziko mbali, wapishi wako mbali, na wengi wao nawajua kwa sauti tu.

Kwa hiyo ninachokishika mimi ni idadi. Na idadi huchacha upesi kuliko chakula.

Siku ya pili ya mafuriko fulani, mwalimu aliyekuwa msimamizi wa kambi iliyokuwa kwenye shule alinitumia ujumbe: "Tuko 412." Nikaandika ubaoni 412, nikaagiza sahani 412 za mchana. Saa saba mchana simu ikaita. "Dada, chakula kimeisha na foleni bado inafika getini." Nikaona haya, nikaongeza sana agizo la jioni. Saa mbili usiku simu ikaita tena, mwalimu yuleyule: sahani zaidi ya mia zimebaki, hakuna friji, afanyeje?

Hakuna aliyedanganya. Ile 412 ilikuwa hesabu ya saa sita usiku, ya watu waliolala. Mchana waliongezeka majirani ambao nyumba zao zilisimama ila hazikuwa na maji wala moto wa kupikia, pamoja na vijana wa kujitolea waliokuwa wakitoa matope. Ilipofika jioni vijana wamekwenda zao, majirani wamerudi kwao kabla giza halijaingia, na familia kadhaa zimefuatwa na ndugu. Kambi ni ileile, siku ni ileile, na idadi zilikuwa tatu.

Tangu hapo ubao wangu una safu mbili: wanaolala na wanaokula. Wanaolala huhesabiwa saa sita usiku, kichwa kwa kichwa, watu wakiwa wametulia. Wanaokula huhesabiwa kwa sahani zilizotoka kwenye kila mlo, na hesabu ya mchana wa leo ndiyo ninayoanzia kukadiria mchana wa kesho. Kila namba inaandikwa na saa yake na jina la aliyehesabu. Namba isiyo na saa naifuta, hata kama imetoka kwa bosi.

Kwenye saa zenyewe sisi wasema Kiswahili tuna mtego wetu. Mtu akiandika "lori litafika saa 7", anahesabu kwa saa zetu au anasoma uso wa simu yake? Tofauti ni saa sita kamili. Nimewahi kuona wapishi wakisubiri gesi mchana kutwa kwa ajili ya tarakimu moja. Kwenye daftari la zamu tunaandika 13:00 au 19:00. Kwenye simu tunasema "saa saba mchana", neno la mwisho halikatwi.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii hawaliamini mpaka liwakute ni kwamba chakula cha jioni huamuliwa asubuhi. Tuseme watu 400 waanze kula saa kumi na mbili na nusu jioni. Narudi nyuma. Barabara ya kawaida ni dakika arobaini, lakini daraja likiwa limekwenda na maji magari huzunguka, basi naweka saa moja na nusu. Kufungasha na kupakia, nusu saa. Kwa hiyo chakula kishuke motoni saa kumi na nusu. Kupika kwa wingi huo, saa tatu. Kuosha, kumenya, kukata, saa mbili. Tumeshafika saa tano na nusu asubuhi, na hapo vitu vyote viwe tayari jikoni. Ugavi nao wanahitaji muda wa kuvitafuta na kuvileta. Ndiyo maana agizo langu la jioni linafungwa saa tatu asubuhi, nikiwa bado sijui nani atakula mchana.

Sasa tazama upande wa pili. Kila sahani ikichukua sekunde 15, foleni mbili zinamaliza watu 400 kwa dakika 50. Wa mwisho anapakuliwa saa moja na dakika ishirini usiku, karibu saa tatu tangu chakula kishuke motoni. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60 mpaka kinaliwa. Chakula kilichopoapoa ni bustani ya bakteria, na kambi ikianza kuharisha, vyoo vyako ndivyo vya kwanza kukushinda. Kwa hiyo nasisitiza vyombo vya kutunza joto, na kipimajoto kinachosomwa mara mbili, gari linapoondoka na linapofika. Dereva mmoja aliwahi kuniuliza kama namshuku anakula njiani. Nikamwambia nashuku bakteria.

Siku ya kwanza siwazi kupika kabisa. Vyakula visivyohitaji moto, maji safi, basi. Jiko la kambi linalowashwa kwa pupa kabla maji hayajapatikana linaleta wagonjwa. Makadirio yanayotumika duniani kwa posho kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini usiku wa kwanza watu hawahesabu kalori. Wanataka kujua kama kuna kitu na kama watoto wao watakipata.

Malazi nayo yana uongo wake, nao unaitwa "ukumbi unabeba watu 500". Unabeba 500 wakiwa wameketi kwenye viti. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa mtu chini ya paa. Ukumbi wa mita 20 kwa 30 ni mita 600. Gawanya, unapata watu 171, nawe hujatoa jukwaa, njia za kupita, meza ya usajili na kona ya muuguzi. Kisha uliza vyoo. Viwango hivyohivyo vinaruhusu tundu moja kwa watu 50 mwanzoni mwa dharura, halafu uharakishe kufika moja kwa watu 20, na matundu ya wanawake yawe mara tatu ya yale ya wanaume. Ukumbi wenye matundu sita ni wa watu 120 ukitaka wakae wiki. Simu ya kwanza kwa mwenye jengo nauliza vyoo kabla ya ukubwa. Maji nayo: lita 15 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupikia na usafi. Watu 400 ni lita 6,000 kila siku, na gari la maji halifiki lenyewe.

Tatizo la majengo ni kwamba mahali pa kupitisha usiku hugeuka mahali pa kuishi bila mtu yeyote kuamua. Mfano mkubwa ni Superdome ya New Orleans. Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipokaribia, uwanja ule ulifunguliwa kama kimbilio la mwisho kwa wasioweza kuondoka mjini. Paa likaharibika, umeme ukakatika, vyoo vikashindwa, na maelfu ya watu wakakaa humo siku kadhaa wakisubiri mabasi. Kwangu mimi swali la pale ni moja: dawati la malazi likifungua mlango, je, dawati la usafiri linajua lini watu hao watatoka? Kama jibu hakuna, andika kwenye taarifa ya hali kwamba hakuna, kwa herufi kubwa.

Ombi linalotoka kambini likisema "tunaomba mablanketi" nalirudisha. Mangapi, ya watu gani, yafike wapi, kabla ya saa ngapi, nani atapokea na simu yake ni ipi. Wananiona mkali. Lakini ugavi hawawezi kupeleka "mablanketi".

Jambo moja ninalogombana nalo kila maafa ni maziwa ya unga ya watoto wachanga. Watu wema huyaleta kwa makatoni, na wakikataliwa hukasirika, maana nani anamnyima mtoto maziwa? Lakini maziwa ya unga yanahitaji maji safi, moto na chupa iliyochemshwa, vitu vitatu ambavyo kambi haina. Baada ya tetemeko la Mei 2006 huko Yogyakarta na Java ya Kati, Indonesia, watafiti walikuta kwamba kati ya watoto wadogo, waliopokea maziwa ya msaada waliharisha karibu mara mbili ya wasiopokea. Kwa hiyo makatoni hayaendi kambini. Yanakwenda kwa mtu wa afya, anayetafuta mtoto mmojammoja asiyeweza kunyonyeshwa na kumpangia mlezi wake maziwa pamoja na maji, vyombo na maelekezo. Mama anayenyonyesha namwombea sahani ya ziada, maji zaidi, na pembe yenye pazia.

Kufunga kambi ni kugumu kuliko kufungua. Wenye ndugu na wenye akiba huondoka wiki ya kwanza. Wanaobaki ni wapangaji waliopoteza chumba, wazee wasio na mtu, mama mwenye watoto watano ambaye hakuna ndugu atakayemweka. Wakati huo mkuu wa shule anataka madarasa yake, wafadhili wamehama, na kwenye chumba cha operesheni watu wameanza kukunja nyaya. Siku hizi naanza kuuliza kila familia "mtakwenda wapi?" tangu siku ya tatu, jibu linaandikwa kwenye daftari la usajili, na mtu wa ustawi wa jamii analisoma kabla halijawa dharura nyingine.

Kambi ile ya shule ilifungwa baada ya wiki tano. Usiku wa mwisho mwalimu alinipa hesabu: 11, saa sita usiku, jina lake pembeni, kama nilivyomzoesha. Kwenye safu ya wanaokula nikaandika 14, yaani hao kumi na mmoja, mlinzi, muuguzi na mwalimu mwenyewe, nikatuma agizo la asubuhi nikijiona bingwa. Saa moja na nusu asubuhi simu ikaita.

"Dada, dereva umemsahau."