Filamu za kale za ndege na vita: dhana potofu na ukweli wake

Video nyingi za kale zinazosambaa mitandaoni ni za kweli. Kinachodanganya ni maelezo yaliyobandikwa juu yake. Kabla ya kuamini maelezo hayo, jiulize: mpiga picha alikuwa amesimama wapi, na kamera ya wakati ule iliweza kufanya nini?

Dhana: Kuna filamu ya ndugu Wright wakiruka kwa mara ya kwanza

Haipo. Orville na Wilbur Wright ndio Wamarekani walioruka kwa ndege yenye injini. Tarehe 17 Desemba 1903, pale Kill Devil Hills, North Carolina, hapakuwa na kamera ya filamu. Kilichobaki ni picha moja ya mnato kwenye bamba la kioo, iliyofyatuliwa na John T. Daniels kwa kamera ambayo Orville alikuwa ameshaitega. Safari yenyewe ilichukua sekunde 12 na haikufika mita 40. Siku hiyohiyo, katika jaribio la nne, nduguye Wilbur alikaa angani sekunde 59.

Filamu zinazopewa mwaka 1903 kwa kawaida ni za 1908 au 1909, na kuzitambua ni rahisi. Mwaka 1903 rubani alilala kifudifudi. Ukimwona ameketi, tena na abiria pembeni, hiyo si 1903. Ukiona mnara wa mbao ambao uzito huangushwa ndani yake ili kamba iivute ndege mbele, jua kwamba mnara huo ulianza kutumika Septemba 1904. Na kama kamera yenyewe iko ndani ya ndege, basi huenda unatazama filamu iliyopigwa Centocelle, karibu na Roma, Aprili 1909, Wilbur akiwa rubani.

Dhana: Zile ndege za kuchekesha zinazovunjika ni majaribio ya kabla ya Wright

Ile maarufu kuliko zote, yenye mabawa saba yaliyopangwa juu kwa juu na kuporomoka yote kwa mpigo, ni chombo cha mhandisi Gerhardt cha kuendeshwa kwa pedali. Kilijaribiwa Dayton, Ohio, mwaka 1923, miaka 20 baada ya Kill Devil Hills. Wakati huo ndege zilikwisha kuvuka Atlantiki. Waliokijenga walikuwa wahandisi waliojua walichokifanya; walitaka kupima kama nguvu za miguu ya mtu zinatosha kuruka.

Dhana: Filamu za zamani zinakwenda mbio kwa sababu kamera zilikuwa mbovu

Kamera hazikuwa na tatizo. Zilizungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kwa sekunde, na kila mzunguko ulipitisha fremu 8, yaani picha mojamoja za ukanda: jumla fremu 16 kwa sekunde. Mkono ulipoharakisha au kuchoka, idadi ilipanda au kushuka. Baadaye sinema za sauti zikaweka kiwango cha fremu 24, na ukanda wa fremu 16 ukipitishwa kwa kasi hiyo, kila kitu kinaharakishwa mara moja na nusu. Hesabu yake ni nyepesi: filamu ya milimita 35 ina fremu 16 katika kila futi, kwa hiyo futi 1,000 huchukua dakika 16 na sekunde 40 kwa kasi ya awali, lakini dakika 11 hivi kwa kasi ya 24.

Anayetaka kurekebisha kasi asitegemee propela. Kwenye filamu propela inaweza kuonekana imesimama, au hata inarudi nyuma, kutegemea inavyopishana na fremu. Tafuta kitu kinachoanguka. Kitu kizito kikidondoka kutoka mita 5 hufika chini kwa sekunde moja hivi. Hesabu fremu tangu kinaachiwa hadi kinagusa ardhi. Zikiwa 16, ndiyo kasi aliyotumia mpiga picha. Zikiwa 20, weka 20. Kosa linalofanywa sana ni kuipa filamu nzima kasi moja, ilhali mkono ulibadilika kutoka tukio moja hadi jingine. Kosa jingine ni kurudia fremu ili 16 zifike 24, yaani kila fremu ya pili inaonyeshwa mara mbili. Kasi inakuwa sahihi, lakini askari wanatembea kwa kusitasita.

Dhana: Mapambano ya angani ya Vita Kuu ya Kwanza yalinaswa kwa filamu

Karibu kila kipande kizuri cha mapambano hayo kimetoka Hollywood, hasa katika *Wings* ya 1927 na *Hell's Angels* ya 1930. Ndege ni halisi na marubani ni halisi, ndiyo maana watu wanadanganyika, lakini vita ilikuwa imekwisha zaidi ya miaka minane. Angalia uso wa rubani ukionekana kwa mbele, umejaa picha nzima. Kamera hiyo imefungwa kwa bolti mbele yake. Nani angefunga kamera pale mwaka 1917, mahali ambapo rubani anahitaji kuona na kulenga?

Kamera ya kawaida ya wakati ule ilitaka miguu mitatu na mkono wa kuzungusha. Ilikuwepo kamera ya Aeroscope, iliyobuniwa na Mpoland Kazimierz Prószyński, iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani kwa pampu, hivyo mikono ikabaki huru. Hata hivyo haikutoa picha za ndege mbili zikifukuzana kwa ukaribu na utulivu tunaouona. Kamera ya Hythe yenye umbo la bunduki ya rashasha ya Lewis ilikuwa ya mazoezi: ukivuta kifyatulio, unapata picha moja ya mnato inayoonyesha kama ungelipiga shabaha.

Isitoshe, kazi kubwa ya ndege ilikuwa kutazama. Rufiji, tarehe 11 Julai 1915, Waingereza John Cull na Harwood Arnold waliruka juu ya manowari ya Kijerumani Königsberg wakiziambia meli za kivita za Kiingereza Severn na Mersey, kwa simu ya upepo, mizinga yao inaangukia wapi. Injini yao ilipopigwa waliendelea kutuma masahihisho huku wakishuka hadi mtoni.

Picha za mnato nazo zina mtego wake. Mkusanyo wa Cockburn-Lange, uliotolewa miaka ya 1930 kama picha za mapambano halisi, ulibainika mwaka 1984 kuwa wa vinyago vya ndege.

Kamera za bunduki za Vita Kuu ya Pili, zilizofungwa ndani ya ndege pamoja na bunduki zake, ni suala jingine. Hizo ni halisi, nyingi za milimita 16, zikianza kupiga pale bunduki inapofyatuliwa. Vipande ni vifupi, vinatetemeka, na vinatazama mbele tu. Wala havina sauti.

Dhana: Milio tunayoisikia ilirekodiwa palepale

Filamu za 1914 hadi 1918 zote ni bubu, na nyingi za mapigano ya vita vya pili pia. Milio iliongezwa studio. Hata filamu ya Hindenburg, ndege-puto ya Kijerumani iliyoungua tarehe 6 Mei 1937, ni vitu viwili vilivyounganishwa: Herbert Morrison alirekodi maelezo yake kwenye sahani za santuri kwa ajili ya redio ya Chicago, yakarushwa baadaye, na wapiga filamu walipiga picha zao peke yao. Wala hakuna filamu inayoonyesha moto ukianza. Zote zinaanzia pale ulipokwisha kushika.

Dhana: Nyeusi kwenye filamu ni nyeusi

Filamu nyingi za wakati ule hazikuhisi rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe au kijivu hafifu. Ndege nyekundu ya Richthofen, rubani maarufu wa Kijerumani wa vita vya kwanza, inaonekana nyeusi. Alama ya duara kwenye ndege za Waingereza, nyekundu katikati na buluu nje, inaonyesha kitovu cheusi na ukingo unaokaribia kupotea. Ya Wafaransa ni kinyume chake. Anayepaka rangi kwa kompyuta bila kulijua hili huwakabidhi Wafaransa ndege za Waingereza.

Dhana: Ukanda wenye neno SAFETY ni salama, na tarehe yake inajulikana

Filamu za milimita 35 za kabla ya 1951 mara nyingi ni za nitrati, kemikali inayoshika moto kwa urahisi, na nitrati ikiwaka hutoa oksijeni yake yenyewe, hata chini ya maji. Usijaribu kuichoma kipande ili uione. Ukisikia harufu ya siki, hiyo ni asetati inayooza, yaani ukanda usioshika moto kwa urahisi, ulioandikwa SAFETY (salama) pembeni.

Maandishi ya pembeni, likiwemo neno SAFETY, yasomwe kwa makini, kwa kuwa hunakiliwa pamoja na picha. Kwenye nakala chanya, herufi nyeusi juu ya ukingo mweupe ni za ukanda wenyewe. Herufi nyeupe juu ya ukingo mweusi zimetoka kwenye negativu, yaani ukanda ambao nakala hiyo ilitolewa. Alama za mwaka za kampuni ya Kodak nazo hurudia kila miaka 20: duara moja ni 1916, 1936 au 1956, na huo ni mwaka wa kutengenezwa kwa ukanda, si wa kupigwa picha.