Volti zikifanana haimaanishi spea itakubali

Wengi huamini kwamba kigari kidogo cha umeme kikiharibika, unang'oa spea kwenye kingine kilichokufa, na alimradi vyote ni volti 48 basi kazi imeisha. Inaeleweka, volti ndo namba inayoonekana kwanza.

Ila angalia mota kwanza: yenye terminali 4 nene (A1, A2, S1, S2) kwa kawaida ni ya sirizi (koili zake zimeungwa mfululizo), yenye 2 nene na 2 nyembamba (F1, F2) koili yake ya fildi (inayotengeneza usumaku) inalishwa umeme peke yake, yenye 3 nene ni ya AC, na kila aina inataka kontrola yake (kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota), ukichanganya haitembei au unaunguza kitu. Pedali za mwendo nazo, nyingine inatuma ukinzani kwa kontrola, nyingine volti. Soma lebo zote mbili, ya spea ya zamani na ya hiyo unayotaka, linganisha na ampea pia, kabla hujalipa.

Betri ndo naomba sana usichanganye zilizochoka na mpya, ile dhaifu inaisha mapema na wenzake wanaendelea kuiumiza, so pima kila moja na multimita ikiwa na mzigo (inasukuma kitu), siyo imepumzika tu. Na kabla ya kugusa kontrola chomoa betri, na hata hapo jihadhari, kapasita za kontrola (vijisehemu vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji.