Seli za kongosho zilizovikwa polima: utafiti umefika wapi, na nani ana ruhusa ya kupandikiza

Kampeni ya Siku ya Kisukari Duniani, tarehe 14 Novemba, hutuletea watu wengi kliniki hapa Mombasa. Safari hii wazazi wengi wamekuja na swali moja. Wameona kwenye simu kwamba seli za kongosho sasa zinavikwa ngozi ya polima, yaani kitu kilichoundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli, ili mwili usizikatae, kisha zinapandikizwa, na mtoto anaachana na sindano. Wapo walioambiwa watume ada ya kuweka nafasi kwa ajili ya matibabu nje ya nchi. Utafiti huo upo kweli, na tunaufuatilia kwa matumaini. Nafasi inayouzwa haipo.

Tunazungumzia kisukari cha aina ya kwanza tu. Mwenye aina ya pili aendelee na metformini yake na asingoje chochote katika haya.

Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili imeshaua seli za beta, zile zinazotengeneza insulini ndani ya vijisiwa vya Langerhans, yaani vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho. Kumpa mgonjwa vijisiwa vya mtu aliyefariki ni jambo linalowezekana. Mwaka 2000 timu ya James Shapiro huko Edmonton, Canada, ilichapisha taarifa ya wagonjwa 7 walioingiziwa vijisiwa kupitia mshipa unaopeleka damu kwenye ini, na wote wakaacha kudunga insulini. Mmoja tu akitoa kongosho haikutosha. Kila mgonjwa alihitaji vijisiwa vya watu wawili au zaidi. Wengi walirudia insulini miaka iliyofuata. Juni 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya namna hii kwa jina la Lantidra, kwa watu wazima wachache ambao sukari yao hushuka vibaya mara kwa mara licha ya uangalizi mzuri.

Bei ya upandikizaji huo ni dawa za kushusha kinga, kama takrolimasi, zinazomezwa muda wote vijisiwa vikifanya kazi. Dawa hizo huumiza figo, hualika maambukizi na huongeza hatari ya baadhi ya saratani. Katika mji wenye kifua kikuu kama wetu, kumshushia kinga mtoto anayeishi salama kwa insulini si jambo ambalo daktari mwaminifu atalipendekeza. Wazazi hutuambia, “Bora vidonge kuliko sindano.” Tunaelewa uchungu wa kumchoma mtoto kila siku, lakini hesabu hiyo si sahihi, na tutaendelea kuirudia kadiri itakavyohitajika.

Polima imekuja kuondoa haja ya dawa hizo. Vijisiwa huchanganywa na majimaji ya aljineti, yanayotokana na mwani wa kahawia, kisha matone yake hudondoshwa kwenye maji yenye kalsiamu na hapo hapo kila tone linaganda. Kinachopatikana ni kidonge cha utelezi chenye vijisiwa ndani, cha kupandikizwa, si cha kumeza. Ukuta wake hufanya kazi kama chandarua: hewa inapita, mbu anabaki nje. Glukosi, yaani sukari ya damu, yenye uzito wa daltoni 180 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), huingia. Insulini, yenye takriban 5,800, hutoka. Kingamwili, yenye takriban 150,000, huzuiwa, na chembe nyeupe za damu haziwezi kabisa kupenya. Wazo la kufungia seli hivi lilianza na Thomas Chang wa Montreal katika miaka ya 1960. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun waliwapa panya wenye kisukari vijisiwa vilivyofunikwa, na sukari yao ikatulia kwa karibu wiki tatu, ilhali vijisiwa vitupu vilidumu kama wiki moja.

Kutoka 1980 hadi leo ni miaka mingi, na watu wana haki ya kuuliza kwa nini hawajapata tiba. Jibu si njama. Kila juma kuna anayetuambia kwamba kampuni za dawa zimeficha tiba ili ziuze insulini. Tunaomba madai hayo yakome, kwa sababu matokeo ya majaribio, mazuri na mabaya, yamechapishwa na yeyote anaweza kuyasoma. Ugumu uko ndani ya mwili wenyewe. Hata kama kinga haiwezi kuigusa seli, inakiona kidonge chenyewe kuwa kitu kigeni. Chembe za kinga hukizunguka, hukigandamia na kujenga kovu juu yake. Kovu likishakaa, oksijeni haifiki, na seli za ndani zinakufa kwa kukosa hewa bila adui yeyote kuzigusa. Kwa kawaida seli mwilini haikai zaidi ya takriban mikromita 200, yaani sehemu moja ya tano ya milimita, kutoka kwenye mshipa mwembamba wa damu, lakini ndani ya kidonge hakuna mshipa. Ukiongeza unene wa ukuta unalinda zaidi na kunyima hewa zaidi. Isitoshe, baadhi ya kemikali za uvimbe zinazotolewa na kinga ni ndogo kiasi cha kupenya tundu lile lile linalopitisha insulini.

Kwa hiyo watafiti wamegawanyika. Wapo wanaovika kila kijisiwa utando mwembamba unaofuata umbo lake, mara nyingi wa polima ya polietilini glikoli, ili umbali wa oksijeni upungue. Wengine wamebadilisha kemia ya aljineti ili kinga isiitambue. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Harvard vya Marekani, akiwemo Daniel Anderson na Robert Langer, lilionyesha kwamba seli za beta za binadamu zilizotengenezwa kutoka seli shina (seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine), zikifungwa kwenye aljineti iliyobadilishwa, zilidhibiti sukari ya panya kwa siku 174 bila dawa za kushusha kinga. Ni kazi nzuri sana. Ilifanyika kwa panya, na panya hatoi hukumu ya mwisho.

Kwa binadamu njia imekuwa ngumu zaidi. Mwaka 1994 Patrick Soon-Shiong na wenzake wa California walieleza mgonjwa aliyeacha insulini kwa miezi kadhaa baada ya kupewa vijisiwa vilivyofunikwa, lakini mgonjwa huyo tayari alikuwa akimeza dawa za kushusha kinga kwa ajili ya figo aliyopandikizwa. Machi 2025 kampuni ya Vertex ya Boston ilisitisha jaribio la seli zilizofungwa ndani ya kifaa cha kuzikinga, kwa kuwa hazikutoa insulini ya kutosha. Mwaka huo huo, seli za kampuni hiyo zisizofunikwa ziliwawezesha washiriki 10 kati ya 12 kuacha insulini baada ya mwaka mmoja, wakiwa kwenye dawa za kushusha kinga. Video nyingi tunazoonyeshwa zinachanganya majaribio haya mawili: zinachukua mafanikio ya moja na kuyabandika kwenye ahadi ya lingine.

Kuhusu mwani, tunasema waziwazi. Unga wa mwani unaouzwa mitaani kwa jina la “dawa ya kongosho” hauna uhusiano wowote na vidonge vya aljineti. Mwani unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale, ni wa jamii ya mwani mwekundu. Hutoa karajinani, ambayo maabara huitumia kuwasababishia panya uvimbe makusudi wanapopima dawa. Ni zao la heshima na soko lake ni halali. Aljineti ya kupandikiza husafishwa hadi mabaki ya bakteria yaishe, kwani mabaki kidogo tu huamsha kinga. Kuunywa mwani hakupeleki seli popote.

Sasa sheria, maana hapa ndipo watu wanaumia. Sheria ya Afya ya 2017 inataka upandikizaji wa tishu au kiungo cha binadamu ufanyike katika kituo kilichoidhinishwa, kwa ruhusa ya maandishi ya daktari msimamizi wa kituo hicho, na daktari aliyetoa ruhusa haruhusiwi kuwa mhusika mkuu wa upandikizaji huo. Kutoza pesa kwa kiungo cha binadamu ni kosa: faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Tiba ikiwa bado ni ya majaribio, mtafiti hupitia kwanza kamati ya maadili iliyotambuliwa, kisha Bodi ya Dawa na Sumu, na hupata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kibali kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Barua ya chuo si leseni, na risiti ya M-Pesa si kibali.

Mshiriki wa jaribio hutia saini fomu ya ridhaa katika lugha anayoielewa. Kama ni mtoto, mzazi ndiye anayetia saini, na mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa kama anakubali. Fomu hutaja madhara, anayelipia matibabu ya madhara hayo, na haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma ya kawaida. Mshiriki halipii tiba inayojaribiwa. Ukiambiwa ulipe ili uingie kwenye jaribio, hapo simama, usitume hata shilingi.

Ukipokea tangazo la namna hii, lete kliniki likiwa zima: picha ya kipeperushi, namba iliyokupigia, na ujumbe wa malipo kama umeshatuma. Usifute kwa aibu. Bila ushahidi huo hatuna cha kuwasilisha kwa Bodi wala polisi. Hatutakulaumu. Hata hivyo, ombi letu kubwa kwa mzazi aliyeshawishiwa ni kuhusu insulini. Mtoto wa aina ya kwanza asipunguziwe dozi kwa kungoja upandikizaji, wala kwa kufuata ushauri wa mtu aliye kwenye simu. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, kuumwa tumbo au kunuka matunda mdomoni, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, na umweleze muuguzi wa mapokezi dozi ya mwisho aliyopata na saa aliyodungwa.