Kuondoa ngazi ya bwawa hakuui tena
Mwulize mchezaji wa The Sims, mchezo wa kompyuta wa kuigiza maisha ya watu, namna ya kumuua mhusika, atakujibu papo hapo: mtie bwawani, ondoa ngazi. Ilikuwa kweli kwenye mchezo wa kwanza, wa mwaka 2000: mhusika aliogelea huku na huku hadi nguvu zikamwishia, akazama. Kwenye The Sims 4 anashika tu ukingo, anajivuta juu na kwenda zake. Ukitaka afe, zungushia bwawa ukuta au uzio usio na mlango. (Toleo hilo lilipotoka Septemba 2014 halikuwa na mabwawa kabisa! Yaliongezwa Novemba.)

Tena kufa si kutoweka. Mtoa Roho akifika na joho lake jeusi, aliye karibu anaweza kumsihi, na mara nyingine anakubali. Msihi huyo akiwa na Ua la Kifo, ua la mmea wa mchezoni, amkabidhi Mtoa Roho liwe fidia. Yote yakishindikana, hubaki kaburi na mzimu unaozurura usiku. Hata mzimu huo hurudi kuwa mtu ukila ambrosia, chakula kinachopikwa kwa samaki aina ya malaika, dawa ya ujana na ua lilelile.